Mabati au Kompyuta: Kikao cha Bajeti cha Maktaba Yetu, Tukuyu

Mwaka 2013 nilikuwa katibu wa bodi ya maktaba yetu ya jamii pale Tukuyu, wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Nilikuwa bado nafundisha sekondari, na ukatibu ule niliufanya jioni na Jumamosi. Vikao vingi vya wakati ule vimeshachanganyika kichwani mwangu. Kikao cha bajeti cha mwezi Aprili hakijachanganyika na kingine chochote, maana siku ile tuligombana kweli, watu tunaoheshimiana, na kila upande ulikuwa na haki yake.

Maktaba ilikuwa ndani ya ghala la zamani la kahawa. Halmashauri ilitupa jengo na ilimlipa mshahara mkutubi wetu, binti aliyesomea ukutubi kule Bagamoyo. Mengine yote yalikuwa juu ya bodi: umeme wa luku, mlinzi, magazeti, vitabu vipya, meza zilizovunjika, kila kitu. Mapato yalitoka kwenye ada ya uanachama, fotokopi, kukodisha chumba cha pembeni kwa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na michango ya wenyeji wetu walioko Dar es Salaam. Tulifuata mwaka wa fedha wa serikali, 1 Julai hadi 30 Juni. Kwa hiyo wakati wabunge wanakaa Dodoma kwa bajeti ya nchi, na sisi tulikuwa tunakaa kwenye viti vya plastiki kwa bajeti yetu.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mstaafu, mtu wa heshima kubwa mjini. Ujanani alifanya kazi ya ukarani Dar es Salaam, na alikuwepo mjini humo tarehe 9 Desemba 1967, siku Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa. Alikuwa anaisimulia siku hiyo kwa mapenzi makubwa. Kwake maktaba ilikuwa alama ya uhuru: nchi iliyojitawala miaka 6 tu, ina walimu wachache na madaktari wachache, lakini inajenga nyumba ya vitabu. Nilimpenda kwa imani hiyo, na bado naiona ni sahihi. Ila ilimfanya apende vitu vinavyoonekana, vya kuzinduliwa na mgeni rasmi.

Mhazini alikuwa mama muuza ndizi wa sokoni, aliyejifunza mahesabu kwenye VICOBA. Daftari lake aliligawa kurasa mbili mbili. Kushoto aliandika "fedha iliyofika", kulia "fedha iliyosemwa". Tulikuwa na mfadhili mmoja ambaye ahadi yake ilikaa ukurasa wa kulia mpaka karatasi ikaanza kuchakaa. Mama huyu hakuruhusu hata shilingi ya ukurasa ule ipangiwe matumizi. Wapo wajumbe waliomwona mgumu. Mimi nasema wazi kwamba bila ukurasa ule wa kulia maktaba yetu ingefungwa mapema, kwa sababu nimeona taasisi zikiajiri watu na kuagiza samani kwa fedha ambayo ilikuwa maneno tu.

Siku ya kikao fedha iliyofika ilikuwa shilingi milioni 5 na laki 2, na karibu yote ilitoka kwa wenyeji wa Dar es Salaam.

Sasa lazima nieleze hali ya nchi ilivyokuwa. Februari mwaka huo yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu aliunda tume, na mwezi Mei serikali iliyafuta matokeo yale ili yapangwe upya. Lakini sisi mwezi Aprili hatukuwa tunajua hayo ya Mei. Tulichokuwa tunakijua ni wazazi wanaotusimamisha njiani na kuuliza: "Mwalimu, hawa watoto wanasoma wapi?" Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) uanze mwaka 2004, shule za kata zilikuwa zimeota kila upande. Watoto waliongezeka kuliko vitabu, na mchana walijaa maktabani hadi wengine kukaa sakafuni. Jengo lilipopangwa kuwa maktaba, hakuna aliyewafikiria watoto wengi kiasi kile.

Na nje ilikuwa inanyesha. Anayeijua Rungwe anajua maana yake. Wilaya yetu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ni kilele. Mvua ikipiga bati lile tulilazimika kunyamaza na kutazamana mpaka ipungue, ndipo mjumbe aendelee na sentensi yake.

Mwenyekiti alifungua kikao, akathibitisha akidi, tukapitia yatokanayo na kikao kilichopita haraka haraka. Kisha akaleta hoja yake: fedha yote inunue kompyuta sita, meza zake, na modemu ya intaneti. Mwakilishi wa wasomaji akaomba kuchangia. Alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha sita Februari ile. Alisimama, akasema "Shikamoni wazazi wangu," halafu akazungumza vizuri kuliko sisi sote. Alieleza kwamba maombi ya vyuo vikuu sasa yanapitia kwenye mfumo wa intaneti wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na mikopo ni hivyo hivyo. Kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini ni kilomita 70 na kitu. Dada yake alikwenda, akakuta foleni, mtandao ukakatika, akarudi kesho yake tena kwa nauli nyingine. "Mtoto ambaye baba yake hana nauli mara mbili," alisema, "amefeli kabla hajaomba."

Sikuwa na la kumjibu. Ukumbi mzima haukuwa nalo.

Ndipo mkutubi wetu aliponyanyua mkono. Alikuwa mpole, kwenye vikao kwa kawaida alijibu alichoulizwa tu. Siku ile alikuja na boksi. Akatoa vitabu vya namba 630, yaani vya kilimo, ambavyo wakulima wetu wa chai, kahawa na ndizi walikuwa wanaviazima sana. Kurasa zilikuwa zimegandana, zimeota kuvu jeusi. Akatoa na daftari la kawaida la shule, ambamo aliandika kila siku bati lilipovuja, mahali lilipovujia, na kilichoharibika. Hakuna aliyemwagiza kuandika. Tangu Novemba, mvua zilipoanza, alikuwa amehamisha rafu ile kila mara, na kila alipoihamishia, bati la juu yake nalo likaanza. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu na mabati yalikuwa mepesi kama karatasi. Kenchi mbili, yaani mbao zinazobeba paa, zilikuwa zimeanza kuoza.

"Kompyuta naomba, tena sana," alisema. "Lakini nionyesheni pa kuziweka."

Mwenyekiti akasema tutazifunika turubai usiku. Nasikitika kusema kwamba wajumbe kadhaa waliafiki. Hofu yao niliielewa: wachangiaji wa Dar es Salaam walitaka picha, na bati halipendezi kwenye picha. Ukimwambia mtu fedha yake ilinunua misumari, jibu hilo halimridhishi moyoni kama ukimwonyesha watoto mbele ya skrini. Nadhani hapa ndipo bodi nyingi hukwama, za maktaba, za zahanati, za shule. Fedha ya kuanzisha hupatikana. Fedha ya kutunza kilichoanzishwa hakuna anayejitokeza kuitoa, na hakuna anayekatiwa utepe kwa ajili yake.

Mama mhazini aliyamaliza kwa namna yake. Aliuliza mashine yetu ya kwanza ya fotokopi iko wapi. Kila mtu alijua: iko stoo, ilikufa kwa kukosa wino na kipuri, na tulipewa bure. "Ng'ombe wa kupewa," akasema, "majani yake unakata mwenyewe." Kisha akataka tuandike mbele ya kila kompyuta gharama yake ya mwaka mzima: umeme, bando, fundi, mlinzi wa ziada, na fedha ya kununua nyingine hii ikichakaa. Tulipojumlisha, kompyuta sita zilikula zaidi ya ada na fotokopi ya mwaka. Zingekaa kimya kabla ya Krismasi.

Hesabu ile ilifanywa ubaoni kwa chaki, na mimi ndiye niliyeishika chaki. Mpaka leo, nikiitwa kwenye kamati yoyote, naanza nayo: kwa kila kitu kinachopendekezwa, weka bei ya kukinunua upande mmoja, na bei ya kuishi nacho upande wa pili. Mipango ya miaka mitano tuliyokuwa nayo ilikuwa imejaa bei za upande mmoja tu.

Tulikwenda hivyo hadi giza. Mwisho uamuzi ulikuwa huu. Milioni 3 na laki 9 ziende kwenye paa: mabati 110 ya geji 28, kenchi, misumari, mifereji ya kukingia maji, na ufundi. Geji 30, iliyo nyembamba zaidi, ilikuwa ya bei rahisi, lakini kwa mvua zetu tuliona ni kurudi palepale baada ya miaka michache. Laki 9 zinunue kompyuta mbili zilizotumika pamoja na modemu. Laki 4 zilizobaki zifungue mfuko wa matengenezo, ambao hautoguswa kwa jambo jingine, na kila mwezi sehemu moja ya kumi ya mapato yetu iingie humo kabla ya matumizi yoyote.

Kijana wetu akauliza swali la mwisho, zuri sana: paa haliwezi kuezuliwa masika, na dirisha la maombi ya vyuo halitungoji hadi kiangazi, sasa itakuwaje? Tukakubaliana kompyuta mbili zinunuliwe mara moja na ziwekwe katika ofisi ya mkutubi, chumba pekee kisichovuja, na mabati nayo yanunuliwe wiki hiyo hiyo yahifadhiwe. Mhazini hakutaka fedha ya paa ionekane benki, maana alijua fedha inayoonekana huzaa matumizi. Mwenyekiti alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Naafiki," akaomba yeye mwenyewe awapigie simu wachangiaji wa Dar es Salaam na kuwaeleza. Aliwapigia. Wawili walinung'unika, mmoja akaongeza mifuko ya saruji.

Kwenye mengineyo nilileta jambo langu. Maktaba ilikuwa na tundu moja la choo kwa watu wote, na mlango wake haukufungika. Wasichana wangu wa kidato cha tatu na cha nne walikuwa wanaondoka saa nane mchana, wakati kaka zao wanabaki hadi jioni. Nilikuwa nimeliona hilo kwenye daftari la mahudhurio: majina ya kike yalikuwa mengi adhuhuri, yakawa ya kuhesabika jioni. Wajumbe wanaume walisema ni kweli, ni muhimu, tutaliangalia mwakani. Nilikasirika, na nilisema nimekasirika. Maktaba inayomhudumia mtoto wa kike nusu siku haijamhudumia.

Fedha ilikuwa imekwisha, hilo sikulibishia. Mama mhazini akanigeukia. "Mwalimu, neno mwakani lisiandikwe hivyo hivyo. Andika kiasi. Andika liwe la kwanza." Tukapigia makadirio palepale: matundu mawili ya wasichana, shimo, mlango, tenki la maji ya mvua kutoka kwenye paa jipya, milioni 2 na laki 8. Niliandika kwenye muhtasari kuwa hilo ni fungu la kwanza la mwaka 2014/2015, kabla ya vitabu na kabla ya kompyuta nyingine. Mwenyekiti alisaini na mihuri ikagongwa.

Paa liliezekwa Agosti, kiangazi. Vijana waliomba vyuo kwa zamu kwenye zile kompyuta mbili, kila mmoja kwa muda wake, na mkutubi alishinda pale hadi usiku bila kudai posho. Novemba mvua zilirudi, na daftari lake la kuvuja likabaki na kurasa tupu.

Aprili iliyofuata nilisoma yatokanayo. Mjumbe mmoja alitaka tuanze na vitabu, kwa kuwa mitihani ilikuwa inakaribia. Mwenyekiti alichukua muhtasari mkononi mwangu, akasoma fungu la kwanza kwa sauti, pamoja na kiasi chake, akamwuliza mhazini kilichofika ni kiasi gani. Ilikuwa milioni 1 na laki 7. Akasema shimo lichimbwe Julai kwa hiyo iliyofika, na yeye atatafuta iliyobaki.