Nilivyojifunza kutofautisha vigari vya Happy Meal

Tanzania na Kenya hakuna migahawa ya McDonald's, ambayo mlo wake wa watoto uitwao Happy Meal huja kwenye boksi lenye kichezeo ndani, kwa hiyo vigari hivi sikuvifahamu mpaka nilipohamia Minneapolis, Marekani. Huku vimezagaa. Kwenye maduka ya mitumba utavikuta vimefungwa kwenye mifuko ya nailoni pamoja na wanasesere waliong'oka mikono, mfuko mzima kwa dola chache. Mwanangu alianza kwa kuvichezea, mimi nikaingia kwenye kuvikusanya. Mama Salim anasema ana watoto wawili wa kiume nyumbani, mmoja ana ndevu.

Kuvipata si kazi. Kazi ni kujua umepata nini. Kampuni ya vichezeo ya Mattel ilianza kuuza vigari vyake vya Hot Wheels mwaka 1968, Happy Meal ikaja 1979, na kuanzia 1991 McDonald's wakawa mara kwa mara wanatoa Hot Wheels na wanasesere wa Barbie kwa pamoja. Keshia alikuwa anauliza mtoto ni wa kiume au wa kike, kisha anatia kwenye boksi kilichodhaniwa kumfaa. Ni mabinti wangapi walitaka gari wakaishia na Barbie, Mungu ndiye ajuaye. Toleo la 1991 lilikuwa na Chevy ya 1955, T-Bird ya 1957, Corvette ya 1963 na Camaro, kila moja kwa rangi mbili. Tatizo ni kwamba maumbo hayohayo yaliuzwa pia madukani, na kigari kikishatoka kwenye mfuko wake, bodi peke yake haikwambii kimetoka wapi.

Basi mimi hukigeuza. Chini ndiko kwenye habari zote. Kwanza kuna mwaka, na huo usikubabaishe: kwenye Hot Wheels ni mwaka wa hakimiliki ya muundo, si mwaka kigari kilipotoka kiwandani. Kinaweza kuandikwa miaka ya themanini na kitu wakati kimetengenezwa muongo mmoja baadaye. Pili, angalia kilivyofungwa. Vya chuma vimepigwa ribiti, kijiduara kilichobonyea mbele na nyuma. Vingi vya plastiki vya Happy Meal vimefungwa kwa skrubu ambayo tundu lake ni la pembetatu, na bisibisi ya kawaida haiingii. Nilinunua yenye ncha hiyo, nikakifungua kimoja: ndani mlikuwa na springi na gia moja nyeupe iliyojaa nywele za zulia.

Sumaku nayo haisaidii sana, ingawa wengi huikimbilia. Bodi za chuma ni za mchanganyiko wenye zinki nyingi, sumaku haizishiki; inachonasa ni vyuma vyembamba vinavyobeba magurudumu. Mizani ya jikoni ndiyo iliyonifaa. Cha chuma kilipita gramu 30, cha plastiki chenye urefu uleule hakikufika 20.

Halafu mashindano. Tuliinamisha ubao wa kupigia pasi, tukaegemeza kitabu kama kizuizi, na Salim akawa anakiondoa ghafla. Vya chuma vya miaka ya 1990 vilikwenda sambamba na vya dukani. Vya plastiki vyenye magurudumu mapana vilianza vizuri, vikapinda na kuishia kwenye zulia. Salim bado anavipenda zaidi hivyo, kwa sababu baadhi ukivirudisha nyuma vinafyatuka vyenyewe, na kwa mtoto wa miaka sita huo ndio mwisho wa ubishi.

Navihifadhi kwenye kasha lenye vyumba vidogo, lile la kuwekea misumari na nati, nikiandika nilichosoma chini ya kila kimoja kwenye kikaratasi. Ambavyo bado vimo kwenye mifuko yake sivifungui, ingawa anayetegemea utajiri hapa atangoja sana. Vilitengenezwa kwa wingi mno. Vya plastiki huenda vikapungua, maana mwaka 2021 McDonald's walitangaza kwamba watapunguza plastiki mpya kwenye vitu wanavyowapa watoto, na vya karatasi vimeanza kuonekana. Kuviviringisha kwenye ubao ndio sijui itakuwaje.

Vinavyojirudia nabadilishana na shemeji yangu aliyeko Columbus. Yeye anataka plastiki, mimi nataka chuma, kwa hiyo hatugombani. Corvette ya 1991 anayo mbili. Nikimwomba moja ananijibu, "Shem, tuma kwanza picha ya unachotoa."