Sumaku za matopeni

Ukifungua diski kuu (hard disk) ya kompyuta iliyokufa, kitu cha kwanza kukutana nacho ni uso wako mwenyewe, jinsi sahani yake inavyong'aa. Hapa dukani, katikati ya Kampala, nafungua nyingi. Vijana wangu hugombania zile sumaku za pembeni zinazong'ang'ania bisibisi; mimi hubaki na sahani mkononi. Juu yake kuna chembe za sumaku zenye upana wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na humo ndimo zilimokuwa picha za harusi ya mtu.

Sasa usiku nasoma habari za bakteria wanaotengeneza sumaku zao wenyewe. Mwaka 1975 Mmarekani Richard Blakemore alieleza bakteria wa matope walioogelea upande mmoja tu chini ya hadubini. Akileta sumaku, wanageuka. Ndani yao mna fuwele za magnetaiti, madini ya chuma yenye sumaku, nanomita 35 hadi 120 hivi, kila moja ndani ya kifuko chake, zimejipanga mstari. Hapo kwenye ukubwa ndipo penye ufundi. Fuwele ikiwa ndogo mno, joto la kawaida tu linaivuruga. Ikiwa kubwa mno, inagawanyika ndani kwa ndani, huku inavuta hivi, kule vile. Kijidudu hicho kinajua pa kuachia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na wenzao wa Tokyo hawakumtaka bakteria mzima. Walichukua protini yake moja, Mms6, wakaipanga juu ya dhahabu miraba miraba kama ubao wa drafti, wakaichovya kwenye maji yenye chuma. Sumaku zikaota penye protini tu. Hiyo ilikuwa 2012, na magazeti yakatangaza kompyuta zinazojiotea zenyewe.

Taratibu jamani. Miraba ile ilikuwa na upana wa mikromita 20, yaani nanomita 20,000. Nafasi hiyo kwenye diski ya leo inabeba maelfu kwa maelfu ya biti. Halafu wateja wangu siku hizi wanaulizia SSD, hifadhi ya chipu isiyo na sahani, ambayo haihifadhi chochote kwa sumaku. Hata hivyo siwezi kuwadharau bakteria hao. Viwanda vyetu hutengeneza tabaka hizo ndani ya mitambo ya bei ya kutisha, hewa yote imenyonywa. Bakteria anafanya kazi yake kwenye tope, bila moto.

Tena hutumia sumaku hiyo kujua chini ni wapi, maana hapendi oksijeni nyingi. Wa kaskazini ya dunia huelekea kaskazini, wa kusini huelekea kusini, kwa kuwa huko ndiko uga wa sumaku wa dunia unakoinamia chini. Wale wanaokaa kwenye ikweta ya sumaku, ambapo uga huo hauinami, huchanganyika. Ilionekana hivyo Brazil, Fortaleza. Na ikweta hiyo siyo ile ya ramani, ya Kayabwe hapa Uganda, ya vijana wanaowazungushia watalii maji kwenye karai. Huku kwetu inapita mbali kaskazini, jirani na Addis Ababa. Kwa hiyo Uganda nzima, hata Arua ya kaskazini, kisumaku ni kusini.

Nimemwambia mpwa wangu anayesoma biolojia kwamba nataka kuwaona bakteria wa Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, wanaelekea wapi. Kanijibu: "Anko, lete tope la chini kabisa, si maji ya juu. Na uliache kwenye chupa wiki kadhaa, usilitikise."