Mtoto Aliyefungua Milango ya Shilo

Wapendwa katika Bwana, juma hili tusome 1 Samweli 3, wala tusiishie pale mtoto alipoitwa usiku, bali tufike mstari wa 15, ambapo Samweli alilala hata asubuhi, kisha akaifungua milango ya nyumba ya Bwana kule Shilo. Usiku ule alikuwa amepokea neno zito kuliko umri wake, lakini kulipokucha kazi yake ilikuwa ikimngoja, naye akaifanya.

Kuhani Eli alishindwa kwa wanawe, Hofni na Finehasi, ambao aliwaonya kwa maneno lakini hakuwazuia. Kwa Samweli, mtoto aliyemtumikia Bwana chini yake, hata hivyo, alifanya jambo ambalo wazazi wengi tunalikwepa. Alipotambua, mara ya tatu, kwamba anayemwita mtoto ni Bwana, hakuinuka kwenda kuitika kwa niaba yake. Alimfundisha maneno ya kusema, akamrudisha kulala, akamwachia ajibu mwenyewe.

Nyumbani kwetu mtoto wa miaka tisa ndiye anayefunga banda la kuku kila jioni. Nakiri kwamba kwa miezi mingi nilikuwa nikipita nyuma yake usiku kuhakikisha, na kwa hiyo kazi ilikuwa bado yangu, yeye akiibeba kwa jina tu. Usiku mmoja nilipokuwa safarini alisahau, kicheche akaingia, akaua mitetea wawili. Niliporudi alinipokea getini akasema, "Baba, ni mimi, sikufunga." Hasira ilikuwa imeshanifika kooni, lakini Mungu alinisaidia nikamwuliza tu yeye anaona tufanye nini. Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akaamua kwamba atakuwa akifunga banda kabla ya kunawa mikono kwa chakula cha jioni, kwa sababu chakula hawezi kukisahau. Mimi nisingebuni njia hiyo, na tangu siku ile sijapita tena nyuma yake.

Nikirudi Shilo, naona kwamba Samweli aliogopa kumweleza Eli maono yale, kwa kuwa yalikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Eli alimsihi asimfiche neno lolote. Mtoto akasema yote, na mzee yule, ambaye habari ile ilimhusu yeye na wanawe, hakumkemea.