Mbuzi wa maharage walivyomfundisha mwanangu kutoa

Mwanangu wa chekechea alijumlisha vizuri, lakini kutoa kulimshinda: 7 toa 3 alijibu 10. Tulijaribu vidole, vijiti, hata picha za wanyama daftarini. Wapi!

Kilichosaidia ni hiki. Panga maharage 7, hao ndio mbuzi. Fudikiza bakuli, hilo ndilo zizi. Mtoto awahesabu wote kwanza, kisha inua ukingo kidogo, awaingize 3 mwenyewe, mmoja mmoja, akisema "ameingia". Halafu ahesabu waliobaki malishoni.

Bakuli lenyewe lina maana kubwa. Chini ya lile la plastiki linaloonyesha, aliwahesabu hata walio ndani. La bati likamaliza kazi, maana aliyeingia haonekani tena. Sasa 9 toa 4 anajibu bila maharage, nami nimefurahi mno.