Nilivyokata rufaa ya fidia ya masikio nikiwa Malindi

Nilikuwa fundi wa jenereta katika jeshi la Marekani. Mkataba ulipokwisha nikarudi kwetu Malindi na mlio masikioni usiokatika usiku wala mchana, na usikivu nao umepungua. Nikaomba fidia ya ulemavu kwa VA, idara ya maveterani. Jibu likaja: yamekataliwa.

Barua ya namna hiyo isome na kalamu mkononi. Madai haya husimama juu ya mambo matatu: uwe na tatizo sasa, pawe na jambo lililokupata jeshini, na mtaalamu ayaunganishe hayo mawili. Mimi nilikwama kwenye la tatu. Mpimaji wa masikio wa VA aliandika kwamba siku naondoka jeshini masikio yalipimwa yakawa mazima, kwa hiyo jeshi halihusiki.

Binamu yangu akaniletea namba ya mtu aliyetaka dola kwanza, eti ushindi ni lazima. Nikaachana naye. Anayekuandalia madai haya sharti awe ameidhinishwa na VA, na orodha yao iko wazi mtandaoni, huyo hakuwemo. Vyama vya maveterani husaidia bure, na kwa wengi vinatosha. Wakili haruhusiwi kutoza kwa ombi la kwanza, ila baada ya uamuzi kutolewa. Mimi nilichukua wakili kwa sababu hoja ya mpimaji ilitaka kujibiwa kisheria. Tukakubaliana asilimia 20 ya malimbikizo, yaani malipo ya nyuma nitakayopewa tukishinda, na tukishindwa hapati kitu. Tuliongea kwa video usiku, maana kwao ndiyo kwanza mchana.

Jibu la hoja hiyo wakili alikuwa nalo tayari: hukumu ya 1993 ya mahakama ya Marekani ya rufaa za maveterani, kesi ya Hensley dhidi ya Brown. Kipimo kizuri siku ya kuondoka hakimzuii mtu kuthibitisha baadaye kwamba usikivu uliharibikia jeshini.

Tangu Februari 2019 njia za kupinga uamuzi ni tatu: ombi la nyongeza lenye ushahidi mpya, kupitiwa upya na afisa wa ngazi ya juu bila kuongeza ushahidi wowote, au Bodi ya Rufaa. Una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ukitaka malipo yaendelee kuhesabiwa tangu ombi lako la awali. Moyo wangu ulitaka Bodi, jina lenyewe lina uzito! Wakili akasema tukaze ombi la nyongeza, kwa kuwa kilichopungua ni barua ya daktari tu.

Barua hiyo ndiyo iliyonitoa jasho. Mtaalamu wa masikio kule Mombasa alinijibu waziwazi: "Bwana, mimi kazi yangu kutibu, siyo kuandikia mahakama." Tena neno "huenda" halisaidii, alitakiwa asome rekodi zangu, aseme kama uwezekano unafika nusu kwa nusu au zaidi, na atoe sababu. Nikamwekea mezani kipimo cha kuingia jeshini na cha kutoka. Vyote vilihesabiwa vizuri, lakini alipovilinganisha akaona usikivu ulikuwa umeshaanza kushuka katikati. Hapo akavuta kiti, akaandika.

Mke wangu naye alitoa ushahidi kwa Kiswahili, ukatafsiriwa, mtafsiri akatia sahihi. Alieleza kwamba tangu nikiwa kambini nilikuwa nikimwambia arudie maneno kwenye simu. "Na waandikie, Baba Salma, televisheni yako inasikika mpaka Barani." Hilo tuliliacha.

Safari hii VA ikakubali: mlio ukapewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10. Usikivu ukapewa sifuri, na nyumbani walicheka sana. Lakini sifuri hiyo maana yake wamekubali kwamba madhara yalitoka jeshini: usikivu ukizidi kushuka naomba kuongezewa bila kuanza upya kuthibitisha chanzo, na gharama za matibabu ya masikio hapa Kenya naweza kuzidai kupitia mpango wao wa maveterani wanaotibiwa nje ya Marekani. Wakili alikatiwa sehemu yake kwenye malimbikizo. Sasa kila nikienda Mombasa siondoki dirishani bila risiti yenye tarehe, jina la ugonjwa na bei ya kila huduma.