Nilivyoingiza vitabu vya uaseksuali kwenye maktaba ya shule yetu

Kwa anayetaka kuwafikishia vijana wa Uingereza habari za uaseksuali, yaani hali ya mtu kutovutiwa kingono na wengine, kalenda haisaidii. Wiki yake ya kimataifa huangukia mwishoni mwa Oktoba, shule nyingi za huku zikiwa likizo ya katikati ya muhula. Siku yake ni tarehe 6 Aprili, na mara nyingi watoto wako nyumbani kwa ajili ya Pasaka. Mimi ni mkutubi wa sekondari moja hapa Leicester. Tarehe hizo niliachana nazo, nikachagua mwanzo wa Februari, maduka yakiwa yamejaa mioyo myekundu na wanafunzi wakiulizana nani anatoka na nani.

Uongozi wa shule ulisitasita. Sikushangaa: baadhi ya walimu wa rika langu walianza kazi enzi za Kifungu cha 28, sheria ya 1988 iliyozizuia halmashauri kuendeleza ushoga, ambayo huku England ilifutwa 2003. Sheria ilikwenda, woga ukabaki. Siasa sikuigusa, niliwapelekea hesabu. Mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert alichapisha uchambuzi wa majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000, na karibu asilimia moja walisema hawajawahi kuvutiwa kingono na mtu yeyote. Shule ikiwa na wanafunzi elfu moja, piga mwenyewe. Nikapewa meza moja.

Nilinunua Loveless ya Alice Oseman, riwaya ya 2020 kuhusu msichana anayeanza chuo kikuu huku akijiuliza mbona yeye hapendi mtu, pamoja na vitabu vichache vya maelezo. Hivi vya maelezo, kwa mpangilio wa Dewey, yaani namba za maktaba za kupanga vitabu kwa mada, hukaa 306.76, kwenye vitabu vya mielekeo ya kimapenzi. Mwanafunzi akisimama kwenye rafu ile, darasa zima linajua anatafuta nini. Basi nakala moja niliiacha huko, nyingine nikaipeleka kwenye rafu ya afya, kati ya vitabu vya usingizi na vya chunusi. Hiyo ya pili ndiyo inayoazimwa.

Kazi iliyokula muda wangu hasa ilikuwa kwenye kompyuta. Kitabu kikichelewa, mfumo wetu ulikuwa ukimtumia mzazi ujumbe wenye jina la kitabu. Sasa fikiria mtoto ambaye bado hajaweza kujiambia mwenyewe, na mamake anakisoma kichwa cha kitabu hicho kwenye simu akiwa foleni ya dukani! Nilikaa na fundi wa kompyuta mpaka ujumbe ukabaki kusema tu kwamba kuna kitabu cha maktaba kimechelewa. Ningeshauri kila mkutubi aanzie hapo kabla ya kubandika bango lolote.

Mezani nilichanganya riwaya za mapenzi, za urafiki na hizi zangu, nikaweka kadi za kuwekea alama kwenye kurasa, kila kadi ina mistari minne: mweusi, wa kijivu, mweupe na wa zambarau. Sikuandika neno. Anayeijua bendera ya uaseksuali ataitambua, asiyeijua amepata kadi ya bure.

Baadaye akaja mama mmoja wa Mombasa, ameshika kitabu alichokiona mezani kwa bintiye.

“Dada, haya ndiyo mwawafunza watoto wetu?”

“Karibu ukae, dada yangu. Hiki hakimfunzi kulala na mtu. Chasema wako watu hawana hamu hiyo, na si wagonjwa.”

“Si wagonjwa?”

Nikamweleza kwamba hata mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unasema anayejitambua hivyo asihesabiwe kuwa na maradhi. Akanyamaza kidogo.

“Shangazi yangu alikataa posa zote. Wakasema ana jini mahaba, akapungwa mpaka akachoka. Kumbe!” Kisha akakunja uso tena: “Lakini binti yangu ataolewa.”

“Labda ataolewa. Wako huolewa pia.”

Hakuridhika sana, ila kitabu alirudi nacho nyumbani. Mwaka huu nimeomba nakala zaidi, na muuguzi wa shule amekubali kuweka moja chumbani kwake.