Kabla hujamwita mtukutu, uliza jana alilalaje

Mama wenzangu wenye watoto wa usonji (autism) na ADHD (ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuweka akili pamoja), leo tuongee usingizi, manake tunahangaika na vituko vya mchana na usiku hatuutazami. Wangu ana miaka saba na anavyo vyote viwili (kabla ya 2013 mwongozo wa madaktari wa Marekani ulikuwa hauruhusu mtoto mmoja kuandikiwa vyote viwili, hebu fikiria). Asipolala usiku, asubuhi hasinzii kama sisi watu wazima, ndio kwanza anapanda madirisha, anauma wenzake, anarusha viatu, shule wanapiga simu. Mtoto akichoka huzidi kuchachawa, na hilo wengi hawalijui, wanakimbilia fimbo, na mimi roho inaniuma sana nikiona mtoto anapigwa kwa sababu ya usingizi.

Watoto wengi wa usonji, zaidi ya nusu, wana shida hii. Na hapa kwetu Langoni nyumba zimebanana, punda akilia saa nane za usiku mtoto mwengine anageukia upande wa pili analala, wangu anakaa kitako ameziba masikio basi mpaka adhana ya alfajiri. Lebo ya fulana tu ikimgusa shingo halali, zote nimezikata, na fulana anazolalia ni zile kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa.

Kinachotusaidia ni kumwamsha saa ile ile kila siku hata likizo, na simu nazifungia kabatini baada ya Isha kwa sababu ule mwanga unachelewesha melatonini, ndiyo homoni inayouambia mwili usiku umeingia. Ukutani nimebandika picha za kuoga, mswaki, kitanda, anazigusa moja moja kwa mpangilio, ukiruka moja anaanza upya wallahi.

Nyanya zetu watakwambia mpe dawa ya mafua alale. Usimpe! Kuna watoto dawa hizo zinawachangamsha badala ya kuwalaza. Hata hizo melatonini za vidonge, daktari kwanza.

Na daktari mwambie kama anakoroma, pengine ni mafindofindo yanamziba pumzi, ama kama miguu haitulii kitandani, apimwe madini ya chuma. Kama anameza dawa ya ADHD taja na saa anayomeza, nyingine zikimezwa jioni zinafukuza usingizi. Yaandike yote kwa daftari usiku huohuo, kule kliniki foleni ndefu na dakika zenyewe chache, utasahau.